Wimbo wa Kioo

Silvanus Qamara alikuwa na nyimbo kumi na tisa kichwani, na zote zilikuwa za kuchekesha. Kulikuwa na wa foleni ya sabuni, ambamo mtu anapanga mstari tangu alfajiri, na akifika dirishani anaulizwa anataka nini, naye keshasahau kwa njaa. Kulikuwa na wa mwenyekiti wa kijiji aliyefukuzwa na bata mzinga mbele ya wageni kutoka wilayani. Kulikuwa na wa bwana harusi aliyevaa saa ya mkono isiyo na mishale, kila akiulizwa ni saa ngapi anaitazama kwa makini na kujibu kwamba bado ni mapema. Siku hizi, akiwa na miaka sabini na mke wake yuko makaburini, Silvanus aliziimba peke yake akipukuchua mbaazi nyuma ya nyumba huko Endamarariek, na mkwewe Brigita, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa akicheka jikoni akidhani hasikiki.

Miaka ile ya themanini, sukari ilipokuwa ikitangazwa kama habari na vitenge vikitoka kwa barua ya balozi wa nyumba kumi, nyimbo hizo zilijaza ukumbi wa mabati nyuma ya soko la Karatu kila Jumapili mchana, baada ya misa ya pili. Wanamuziki walikuwa wawili tu. Silvanus alikuwa mfupi, Mmbulu, mtoto wa mkulima, naye ndiye aliyepiga gitaa na kutunga. Mwenzake aliitwa Supeet, Mmasai wa Olbalbal, mrefu hata ikabidi ainame mlangoni, aliyekuja Karatu kulinda ghala la ngano na kugundulika kuwa ana sauti inayoweza kumwiga mtu yeyote: padri, karani, mama mkwe, hata trekta lililokataa kuwaka. Watu waliwaita Mrefu na Mfupi. Wao wenyewe waliitana Pakine, kwa sababu Silvanus alimpa Supeet mbuzi siku mwenzake huyo alipopata mtoto wa kwanza, na kwa Wamasai waliopeana mbuzi huitana hivyo mpaka kufa.

Mwaka wa themanini na tisa Supeet alisema anarudi kwao kwenye ng'ombe. Hakusema zaidi. Silvanus alijaribu kuendelea na mtu mwingine, ikashindikana. Nyimbo zile zilikuwa nusu maneno nusu majibizano, na yule mwingine alikuwa akijibu kama anayesoma ubaoni. Gitaa likatundikwa ukutani. Walikutana mnadani mara chache, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto na mvua, wakaachana. Mara ya mwisho ilikuwa miaka sita iliyopita.

Ndipo mwezi wa nane mwaka huu Brigita akatoka jikoni mbio na simu mkononi, unga umemjaa vidoleni.

"Baba, hebu sikiliza hiki kitu! Si wewe huyu?"

Ilikuwa sauti yake. Sauti ya kijana wa miaka thelathini, nyepesi, yenye majivuno, ikiuliza: "Karibu dukani, mzee wa lubega, unatafuta nini?" Kisha ikaja ile ya Supeet. Silvanus alikaa chini juu ya gunia la mbaazi.

Kumbe Emilian, fundi redio wa zamani pale sokoni, alikuwa amewarekodi siku moja mwaka themanini na tano, akiwa ameweka redio kaseti yake juu ya kiti cha mbele. Emilian alikufa, na binti yake Dorkasi, alipokuwa akisafisha maboksi ya marehemu, aliikuta kanda, akaitia kwenye simu. Ndani ya wiki mbili wimbo ule ulikuwa kwenye kila kundi la Karatu, kuanzia la wanakwaya mpaka la madereva wa watalii. Watu waliokuwa watoto wakati ule walimpigia Silvanus simu kutoka Arusha na Babati, wakicheka, wengine wakilia. "Mzee, hizo ndizo zilikuwa nyimbo," walisema. "Siku hizi mtu kaachwa na mpenzi, basi, nchi nzima tulie naye."

Wimbo wenyewe ulikuwa Kioo. Katika nyimbo zote kumi na tisa, huo ndio watu walioudai kila Jumapili, na bila huo hawakutoka ukumbini. Mmasai anaingia dukani Karatu kwa mara ya kwanza na kukuta kioo kikubwa ukutani. Anadhani kuna mtu anamkodolea macho. Anamsalimu, haitikiwi. Silvanus alikuwa mwenye duka, na Supeet, akiwa na lubega lake mwenyewe na rungu lake mwenyewe, alikuwa yule Mmasai:

*Bwana wee, mbona wanitazama hunijibu?*
*Nikicheka wacheka, nikinuna wanuna.*
*Toka humo ndani tuonane kiume,*
*ama niingie nikutoe mwenyewe!*

Mwishoni mwenye duka anamuuliza, "Mzee, kwani huyo humjui?" Mmasai anakaa kimya, anatazama, kimya kinarefuka mpaka watu wanaanza kujishika mbavu, kisha anasema polepole: "Simjui huyu. Kwetu hatuna mtu wa sura mbaya hivi." Hapo ukumbi ulikuwa unabomoka.

Paroko naye aliupata kwenye simu yake. Jubilei ya parokia ilikuwa inakaribia, mwishoni mwa mwezi wa tisa, na akamwita Silvanus ofisini.

"Mzee wangu, tunaomba utuimbie. Wewe na mwenzako. Vijana wasikie baba zao walikuwa wanacheka nini."

Silvanus alitoka pale akitembea kama mtu wa miaka arobaini. Alilishusha gitaa, akanunua nyuzi mpya, akazitia kwa vidole vilivyokakamaa. Brigita akamhamishia wimbo kwenye simu yake ndogo, akamfundisha mahali pa kubonyeza. Simu ya Supeet haikuwa inapatikana, lakini Silvanus hakujali. Habari kama ile, alisema, haipelekwi kwa simu, inapelekwa kwa miguu.

Alipata nafasi katika gari la chanjo ya mifugo lililokuwa likienda Olbalbal. Dereva, kijana mmoja aitwaye Nelson, alimwandikisha kwenye geti la hifadhi kule Lodoare kama mgeni wa familia, wakapanda msituni. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya ukingo wa kreta hata nyati waliokuwa kando ya barabara walionekana kama mawe. Nelson alikuwa na wimbo ule ule kwenye redio ya gari.

"Mzee, kweli ni wewe?" aliuliza. "Mimi kila nikifika pale 'simjui huyu' nacheka mpaka nasimamisha gari."

"Ni mimi na mwenzangu," Silvanus akasema. "Yeye ndiye mwenye kuchekesha. Mimi nilikuwa nampa nafasi tu."

Walishuka upande wa pili, ukungu ukaisha ghafla, na chini kukawa na tambarare kavu ya rangi ya majivu. Punda walikuwa wakipita na madumu ya maji mgongoni, wanawake nyuma yao. Nelson alimshusha kwenye boma la Supeet akasema atampitia saa tisa.

Supeet alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya zizi, akimnywesha ndama maziwa kwa chupa ya soda iliyotiwa chuchu ya mpira. Mama wa ndama alikuwa amekufa kwa ukame. Hakusimama, maana ndama angeachia chupa, lakini macho yake yalipanuka.

"Pakine," Silvanus akasema.

"Pakine. Umezeeka."

"Na wewe umefupika."

Wakacheka wote wawili, na Silvanus akaona ni kana kwamba hawakuachana. Nashilu, mke wa Supeet, alitoka akamsalimu kwa mikono miwili, akaleta chai, akaomba radhi kwamba maziwa ni kidogo mwaka huu. Walizungumza habari za mvua iliyokataa, za ng'ombe ishirini na wanane waliobaki kati ya sabini, za watoto wa Supeet ambao wawili walikuwa wamehamia mbali na ardhi ile. Silvanus alisikiliza vizuri, alitikisa kichwa panapostahili, lakini moyoni alikuwa kama mtoto aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Nashilu alipoondoka na vikombe, akashindwa kungoja zaidi.

"Nimekuletea kitu," alisema. Akaitoa simu, akabonyeza pale alipofundishwa.

Kwanza kulikuwa na mvumo, kisha watu wakipiga kelele, viti vikiburuzwa juu ya sakafu, mtoto akilia. Kisha gitaa. Silvanus alikuwa akimtazama mwenzake usoni, akisubiri. Supeet aliishika chupa bila kutikisika. Duka likafunguliwa, Mmasai akaingia, akasalimu, akanuna, akainua rungu, na watu wa mwaka themanini na tano wakaangua kicheko ndani ya simu. Silvanus mwenyewe alikuwa anacheka, mabega yakimtikisika. "Mzee, kwani huyo humjui?" ikauliza sauti yake ya ujanani. Kikaja kile kimya.

"Zima," Supeet akasema.

"Ngoja, ndiyo inafika."

"Zima, Pakine."

Silvanus alibonyeza vibaya mara mbili, na kabla hajaweza, simu ikasema: "Simjui huyu." Kicheko kilichofuata kikakatwa katikati.

Ndama alikuwa amemaliza. Supeet alimfuta mdomo kwa ncha ya lubega, akamsukuma aende.

"Unakumbuka siku hiyo?" akauliza.

"Nakumbuka. Ndiyo siku ulipokianzisha kile kimya. Kabla ya hapo ulikuwa unajibu haraka haraka. Tukarudi nyumbani nikakwambia, Pakine, usikiache tena hicho kimya, kitazame kile kioo halafu tazama juu ya vichwa vya watu, mpaka mlangoni. Unakumbuka? Kile ndicho kilichoufanya wimbo."

"Ulinifundisha vizuri," Supeet akasema. "Nilikifanya miaka minne."

Alinyamaza kidogo, si kwa kuchekesha. Kisha akaeleza, akitazama zizi, kwa Kiswahili chake cha polepole ambacho Silvanus alikipenda tangu zamani.

Wiki ile baba yake, Moloimet, alikuwa ametoka Olbalbal kwa miguu kuja Karatu. Ilimchukua siku mbili. Alikuwa amekuja kumwambia mwanawe kwamba wazee wamekubaliana, kuna ndama jike watano wametengwa kwa ajili yake, arudi aanze boma lake. Alifika kwenye ghala la ngano Jumapili mchana akaambiwa Supeet yuko ukumbini. Akaja. Hakujua ukumbi ni kitu gani. Alisikia watu wanacheka, akapita mlangoni, akasimama nyuma, na rungu lake na lubega lake. Akamwona mwanawe mbele ya watu mia mbili, amevaa kama yeye, anakipigia kelele kioo.

"Wewe ukaniuliza, kwani huyo humjui," Supeet akasema. "Mimi nikainua macho, nikamwona baba. Amesimama pale mlangoni. Nikawa sina la kusema. Watu wakaanza kucheka. Basi mdomo ukasema yale maneno yake ya siku zote. Nikasema simjui huyu. Kwetu hatuna mtu wa sura mbaya hivi. Nikisema hivyo namtazama yeye."

Silvanus aliiweka simu chini, mavumbini.

"Baba hakujua Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani. Maji, njoo, hapana, bei gani. Namjua, simjui. Hayo aliyaelewa."

Moloimet alitoka ukumbini akashika njia ya Olbalbal siku ile ile, bila kuonana na mwanawe. Ndama watano wakapewa mdogo wake. Miaka minne baadaye habari zilifika kwamba mzee anakufa, na hapo ndipo Supeet alipoacha kila kitu Karatu akaenda. Alikuta ndugu zake wamekaa kando ya kitanda, kila mmoja amekwisha kubarikiwa, mzee amewatemea mate kichwani mmoja mmoja. Supeet akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Akanitazama muda mrefu," alisema. "Halafu akasema kwa Kiswahili. Mzee ambaye hata siku moja hakusema Kiswahili ndani ya nyumba yake. Akasema, 'Simjui huyu.' Akageukia ukutani. Alfajiri akafa."

Upepo ulileta vumbi, wakafumba macho wote wawili mpaka lipite.

"Kwa nini hukuniambia?" Silvanus akauliza. "Miaka yote hii! Pale pale ningeuacha ule wimbo, Pakine. Siku ile ile."

"Ungeuacha?"

Silvanus aliitazama simu. Alikumbuka Jumapili zile. Alikumbuka watu wakigonga viti sakafuni wakidai Kioo, Kioo. Alikumbuka namna alivyokuwa anatembea sokoni Jumatatu, wanawake wakimwita kwa jina.

"Lakini tuliimba na wa Mmbulu mchoyo," alisema hatimaye, na aliposema akajisikia vibaya, kama mtu anayejitetea kwa balozi. "Yule aliyepima chai ya mgeni kwa kijiko. Nilijicheka na mimi. Ulikuwa utani wetu sote."

"Ulikuwa utani," Supeet akakubali. "Wewe ulikuwa unavaa ile kofia ya mchoyo. Wimbo ukiisha unaivua, unakuwa Silvanus. Mimi nivue nini? Lubega ni nguo yangu. Nikitoka pale nje watoto wananifuata na lubega langu wakiniita Kioo."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Silvanus zaidi. Supeet angekuja juu, angemtukana, Silvanus angepata pa kushika. Nashilu alirudi akawatazama, akarudi ndani bila kuuliza.

Silvanus akasema habari za jubilei kwa sababu hakujua atasema nini kingine, na alizisema kama mtu anayeungama.

"Kaimbe," Supeet akamjibu. "Wimbo ni wako pia. Mimi siji."

Gari lilipofika, Supeet alimsindikiza mpaka lango la boma, akamshika mkono muda mrefu. Walipokuwa wakipanda kuelekea ukungu, Nelson aliuliza kama mzee mwenzake atakuja kwenye sherehe.

"Haji," Silvanus akasema. Nelson aliponyoosha mkono kuwasha redio, akamwomba aiache.

Wiki mbili zilizofuata hazikuwa na wimbo nyuma ya nyumba. Brigita alimuuliza kama anaumwa, akasema ni mgongo. Mara tatu alitembea mpaka njia panda kwenda kumwambia Paroko kwamba hataimba kabisa, na mara tatu akarudi, maana, na hili alijilaumu nalo, alitaka kuimba. Alitaka kusimama mbele ya watu mara moja nyingine kabla hajafa. Mwisho akajiambia kuna nyimbo kumi na nane nyingine. Ataimba hizo.

Siku ya jubilei turubai lilifungwa kwenye uwanja wa kanisa, na watu walijaa mpaka kwenye maboma ya jirani. Dorkasi, yule binti wa fundi, ndiye aliyekuwa kwenye mitambo ya sauti. Silvanus alipanda na gitaa, shati jeupe limepigwa pasi na Brigita, akapigiwa makofi hata kabla ya kufungua mdomo. Akaimba foleni ya sabuni. Wazee wa mbele walicheka na kupangusa macho. Vijana walitabasamu, wakigeukiana kuulizana sabuni ilikuwa na shida gani. Akaimba mchoyo, akijibizana mwenyewe kwa sauti mbili, akipungukiwa pumzi. Walicheka. Kisha nyuma kabisa mtu akaita, "Kioo!" Mwingine akaitikia. Punde uwanja mzima ukawa unagonga viti kama zamani, na hata Paroko alikuwa anapiga makofi kwa mdundo ule ule.

Silvanus aliinua mkono wakanyamaza.

"Kioo siimbi," alisema.

Wakacheka.

"Nasema kweli, jamani. Siuimbi tena ule wimbo. Uliumiza mtu."

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alimpiga jirani yake begani, akimwambia amngoje, huyu ndivyo alivyo, sasa hivi ataona. Silvanus alitafuta maneno. Maisha yake yote maneno yalikuwa yakimjia yakiwa yameshavaa vizuri, yanacheza. Leo alitaka yale ya kawaida tu, na hayakuja. Akakaa kimya. Alikaa kimya akiwatazama, kisha macho yakampita juu ya vichwa vyao mpaka lango la uwanja, ambako hapakuwa na mtu, na kadiri kimya kilivyorefuka ndivyo kicheko kilivyopanda, mpaka kina mama wakawa wanainama juu ya mapaja yao. Walikuwa wanakijua kile kimya. Walikuwa nacho kwenye simu.

Akashuka. Alipita katikati ya viti na gitaa limeshikwa shingoni, watu wakimgusa mkono, wakimwambia, "Mzee, hujabadilika!" Alikuwa amefika nyuma ya turubai, kwenye masufuria ya pilau, Dorkasi alipowasha kanda kwenye spika kubwa. Hakuwa na nia mbaya. Aliona watu wanautaka, mzee amechoka, akasaidia. Sauti ya Supeet ikatoka juu ya uwanja mzima, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa, na Silvanus akasimama pale kati ya moshi na mvuke akiisikiliza mpaka mwisho, maana hapakuwa na mahali pa kwenda ambako haingesikika.

Siku ya tatu simu yake iliita. Supeet alikuwa amepanda kwenye kilima cha mtandao. Upepo ulisikika nyuma yake, na kengele za ng'ombe.

"Pakine. Uliimba?"

"Niliimba nyingine. Ule niliukataa. Niliwaambia uliumiza mtu."

"Wakasemaje?"

"Walicheka."

Upande wa pili kukawa na upepo tu. Kisha Supeet naye akacheka, kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi, akakohoa muda mrefu.

"Ndivyo walivyo," alisema.

"Nisamehe, Pakine."

"Mimi sina neno nawe. Ningekuwa nalo ningekunyima chai." Akakohoa tena. "Huyo wa kunisamehe mimi ndiye hayupo."

Supeet hakungoja jibu. Aliuliza kama mvua za vuli zimeonyesha dalili huko juu. Silvanus akasema kuna mawingu upande wa Oldeani, lakini hayana uzito. Supeet akasema yule ndama ameanza kula majani. Wakaagana.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Silvanus alimwita Brigita nyuma ya nyumba akampa simu, akamwomba aufute wimbo.

"Baba! Si ndio wimbo wako? Una uhakika?"

"Nina uhakika. Ila nipe kwanza niusikie."

Aliusikiliza akiwa amekaa juu ya gunia, Brigita amesimama mlangoni. Viti vikaburuzwa, mtoto akalia, gitaa likaanza. Aliusikiliza kwa masikio mapya, akijua yuko wapi mzee Moloimet, akijua anakaribia kuingia, kwamba sasa amefika mlangoni. Mmasai akanuna, akainua rungu, akaapa atamtoa yule mtu humo ndani mwenyewe. Ilikuwa imeimbwa vizuri sana. Hakuna mtu aliyewahi kuimba vile. Silvanus akacheka, kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko kizima cha kutoka tumboni, na kilipokwisha alibaki na kiganja mdomoni, macho yamejaa, akitikisa kichwa.

Brigita alikuja akaichukua simu kutoka mkononi mwake. Akaufuta kabla haujafika kwenye kimya, kisha akachutama kando yake, akajaza ungo mbaazi, na wakaanza kupukuchua.